Sindano, Fundi wa Majani ya Jiwe

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliokuwa naye kazini, familia imenituma mimi, mdogo wake niliyemfuata mgongoni, kusoma maisha ya Dada, na kabla sijaanza niseme jambo moja ili asishtuke mtu katikati. Juzi Alhamisi tuliletewa nyumbani historia nyingine ya marehemu, imechapwa vizuri, kurasa mbili, nembo ya idara juu na sahihi ya Mkuu wa Idara chini, tukaombwa ndiyo isomwe leo, tukaisoma kwanza sisi wenyewe tukiwa tumekaa mezani na miwani machoni, na humo ndani tukamkuta mwanamke mpole, mnyenyekevu, asiyeinua sauti, mwenye tabasamu kwa kila mtu, ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuishi naye. Historia hiyo imerudishwa kwenye bahasha yake. Hii ninayosoma ni ya yule tuliyemfahamu.

Dada alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika wodi ya wazazi ya hospitali ya mji, mtoto wa pili kati ya watano wa baba yetu, karani wa posta, na mama yetu, fundi cherehani, wote wametangulia, akakulia katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya karakana ya mabasi, nyumba ambayo meza ya kulia chakula ndiyo ilikuwa meza ya kukatia vitambaa, kiasi kwamba ukila bila kuangalia unatafuna uzi. Toka udogoni hakuweza kukiona kitu kimekaa vibaya akanyamaza, na inakumbukwa katika ukoo wetu kwamba alipokuwa na miaka sita alimwambia mjomba, mbele ya wageni waliokuja kuposa, "Mjomba, umevaa viatu kinyume," mama akamfinya, akamwambia, "Wewe mtoto una mdomo!" naye akajibu huku machozi yanamtoka, "Mdomo ni wangu, Mama, lakini viatu ni vyake."

Alianza darasa la kwanza mwezi Januari 1968 katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya barabara, akamaliza mwaka 1974, akajiunga na sekondari ya wasichana mwaka 1975 na kuhitimu Novemba 1978, akiwa wa kwanza katika biolojia na jiografia na wa mwisho katika somo la mapishi. Mwalimu wa biolojia alimpa sifuri mara moja, kwa sababu walipoambiwa wachore jani, wenzake wote walichora jani zuri la kwenye kitabu, yeye akachora na matundu yaliyotobolewa na mdudu, mwalimu akamfokea, "Nimeagiza jani, sikuagiza jani lililoliwa," akajibiwa, "Ndilo ulilotugawia, Mwalimu." Sifuri ile ilibaki kwenye ripoti yake, na ripoti hiyo aliihifadhi maisha yake yote pamoja na vyeti, kwa kuwa aliiona kuwa cheti. Kuanzia mwaka 1979 hadi 1982 alisoma chuo cha ufundi na kutunukiwa stashahada ya fundi sanifu wa maabara.

Aliajiriwa tarehe 1 Februari 1983 katika jumba la makumbusho, idara ya mabaki ya kale, chumba cha chini kabisa chenye dirisha moja linalotazama magurudumu ya magari yaliyoegeshwa, na kwa kuwa wengi wenu mliwahi kumuuliza, "Hivi shangazi, kazi yako hasa ni nini?" mkajibiwa, "Naosha mawe," leo nitaieleza, maana hakuwa anaosha mawe. Zamani za mbali mno, majani yalianguka kwenye matope, matope yakafunikwa na matope mengine, yakabanwa, yakawa mwamba, na jani likabaki humo kama kivuli cheusi kilichopigwa pasi ndani ya jiwe, hicho ndicho wataalamu wanachokiita kisukuku, sasa jiwe likipasuliwa unaona labda ncha ya jani tu, iliyobaki imefichwa, na ni lazima mtu akae na sindano na darubini ndogo, atoe punje baada ya punje, jani moja siku tisa, na akikohoa vibaya ameharibu kitu kilichodumu kuliko milima. Kwa nini yote hayo? Kwa sababu mimea nayo ina zama zake, huzuka, hushamiri, hutoweka, na ukijua ni majani gani yako pamoja kwenye tabaka moja la mwamba, unalijua tabaka hilo ni la lini, kama vile wewe ukipewa picha ya harusi unavyoweza kutaja mwaka kwa kuangalia suruali za bugaluu. Tabaka la chini ndilo kongwe, la juu ndilo changa, na hapo ndipo elimu nzima ilipolala. Kwa kazi hiyo wenzake walimwita Sindano, jina alilolipenda kuliko alilopewa na baba.

Kuhusu chumba hicho niseme pia kwamba mashine ya kunyonya vumbi iliharibika mwaka 1994, Dada akajaza fomu za kuomba matengenezo mara kumi na moja, nakala zote tunazo, na feni mpya ya kutolea hewa ilipofika hatimaye mwaka 1999 ilifungwa ghorofa ya pili, ofisini kwa Mkuu, kwa maelezo kwamba pale ndipo wanapofikia wageni.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na shemeji yetu huyu aliyekaa mbele, fundi friji, ambaye alifika makumbusho kutengeneza jokofu la kemikali, akasimama nyuma yake dakika nzima, akamuuliza, "Dada, mbona unalichokonoa jiwe kama jino?" akajibiwa bila kugeuka, "Kwa sababu hili halinisemeshi nikiwa kazini," na jokofu lile, lililokuwa na tatizo la waya mmoja, likachukua wiki tatu kupona. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1989, ambaye ni muuguzi, na kijana aliyezaliwa tarehe 20 Oktoba 1993, ambaye ni mwalimu wa hisabati, na wajukuu wawili, ambao tayari wana ule mdomo.

Sasa narudi kazini, kwa sababu historia ile ya kwenye bahasha inasema Dada "alishiriki kusafisha sampuli zilizowezesha ugunduzi mkubwa wa idara," na sentensi hiyo imetukera kama nzi ndani ya chai.

Mwezi Julai 1998 idara ilichoronga mwamba kwenye bonde moja kwenda chini mita mia mbili na kumi na mbili, na bomba likatoa vipande vya mwamba vya mviringo, vinene kama kifundo cha mkono, virefu kama mche wa sabuni, ambavyo hupangwa kwenye masanduku ya mbao kwa utaratibu ambao hata mtoto angeuelewa, yaani kabla kipande hakijawekwa chini na mkono uliokipokea, kinachorwa mshale wa rangi kuonyesha upande wa juu, kwa sababu kikishalazwa, jiwe halina kichwa wala miguu. Siku hiyo ilinyesha, rangi ikawa haishiki, Mkuu akasema, "Tutachora ofisini," vipande vikarudi mjini bila mishale, vikatandazwa juu ya meza kadhaa vikauke, na Mkuu mwenyewe akachora mishale yote mchana mmoja, kikombe cha kahawa mkononi, akizunguka meza moja hadi nyingine, na kwenye meza moja, iliyobeba vipande vya masanduku manne, namba 14 hadi 17, akasimama upande wa pili. Ndivyo ilivyokuwa. Alisimama upande wa pili wa meza. Mita ishirini za mwamba zikageuka, chini ikawa juu, na Dada, ambaye kuchora mishale ilikuwa kazi yake, wakati huo alikuwa ametumwa stoo kutafuta vikombe vya wageni.

Kutokana na meza hiyo, Mkuu aliona kwenye masanduku yale jani la kale lenye umbo la ulimi likiwa juu ya jani changa lenye umbo la panda, akahitimisha kwamba katika bonde letu jani la kale liliendelea kuishi mamilioni ya miaka baada ya kutoweka kwingine kote, akaupa mwamba wote umri mpya, na mwezi Novemba 2000 akautangazia ulimwengu "jani lililokataa kufa," magazeti yakaandika, akawa profesa, na kwenye ukumbi mkubwa wa makumbusho likatundikwa bango la mbao, urefu wa mtu, lenye mchoro wa matabaka yale, majani yake na michirizi iliyodhaniwa kuwa nyufa, na kando, kwenye ubao huohuo, picha yake mwenyewe akionyesha kwa kidole. Watoto wa shule walipelekwa kulitazama. Mimi mwenyewe niliwapeleka wanangu, nikapiga makofi.

Tarehe 6 Februari 2001 Dada alifika sanduku namba 15, maana sindano haina haraka, na ndani ya jiwe akakuta kwamba ile michirizi ni mizizi, siyo iliyong'olewa ikasombwa na maji, bali iliyokuwa imeota palepale kwenye udongo wake, mzizi mkubwa unagawanyika kuwa midogo, na midogo kuwa nywele, na yote ilikuwa inapanda kuelekea kwenye ncha ya mshale. Akapanda ngazi. Mazungumzo hayo aliyaandika kwenye daftari lake siku hiyohiyo, na yalikuwa mafupi, akasema, "Mkuu, hii mizizi inaota kwenda mbinguni," akaulizwa, "Una maana gani?" akasema, "Ama mti uliota kichwa chini, ama tumelaza masanduku kinyume, na mimi miti ninaifahamu," Mkuu akacheka, akamwambia, "Sindano, mama yangu, wewe kazi yako ni kusafisha, kufikiri kuna watu wanalipwa." Tarehe 9 akaandika barua, kurasa tatu, akaambatanisha mchoro wa mizizi akiwa ameupimia kwa futi ya kitambaa ya marehemu mama yetu, ambayo ncha yake ilikatika zamani na inaanzia sentimita ya pili, naye kwa ule ukweli wake wa kuchosha akachora futi hiyo pembeni kama ilivyo, ikianzia mbili. Jibu lilikuja tarehe 26 Februari 2001, mstari mmoja na nusu, anahamishiwa ghalani kuanzia siku inayofuata, "kwa kutambua umakini wake."

Alikaa ghalani miaka ishirini. Hakuwahi tena kupewa darubini. Alipewa rejista, funguo na kiti chenye miguu mitatu na tofali, na kila mgeni wa heshima alipokuja kutazama masanduku 14 hadi 17 ni yeye aliyeyatoa rafuni, akayaweka mezani, akasimama pembeni huku Mkuu akieleza, na mara mbili, mbele ya wageni, alisema kwa sauti ya kawaida, "Limelazwa kinyume," na mara mbili akapewa barua ya onyo. Tulimwambia aache, nakiri mbele ya jeneza lake kwamba na mimi nilimwambia, "Dada, ni mawe tu, yameshakufa," akanitazama kama nimevaa viatu kinyume, akasema, "Mawe hayajali, mdogo wangu. Watoto ndio wanaodanganywa."

Mwaka 2016 idara ilipeleka nje sampuli za majivu ya volkano, ambayo yamo kama utepe mwembamba katika sanduku la 14 na la 17, kwa kuwa ndani ya majivu kuna punje ndogo kuliko chumvi zinazotunza muda kama saa, na majibu yalipokuja mwaka 2018 yalisema utepe wa juu ni mkongwe kuliko wa chini kwa miaka milioni tatu, yaani ghorofa ya pili ilijengwa kabla ya msingi. Mkuu alisema maabara imekosea. Akasema punje zimechafuka. Kisha mwezi Septemba 2019 akachapisha makala ya marekebisho, iliyopongezwa kwa ujasiri wake wa kisomi, akieleza jinsi yeye mwenyewe, kwa kuichunguza upya mizizi ya sanduku namba 15, alivyogundua kwamba mita ishirini zilipinduka "katika mazingira magumu ya ghala," akaweka na mchoro. Ni mchoro mzuri. Futi iliyoko pembeni inaanzia sentimita ya pili.

Mwishoni aliwashukuru wasaidizi wa ghala. Bango la ukumbini halikuguswa, eti lina thamani ya kihistoria.

Dada alistaafu tarehe 9 Machi 2021, akaagwa kwa soda na saa ya ukutani isiyo na betri.

Kikohozi kilimwanza mwaka 2009, kikitibiwa kama mafua, kisha kama mzio, kisha kama uzee, mpaka tarehe 17 Agosti 2017, daktari bingwa wa kifua aliposhika picha ya mapafu yake, akaigeuza mara mbili kwenye mwanga, akamuuliza kwa heshima, "Mama, wewe ulichimba mgodi gani?" naye akajibu, "Mgodi wa majani, daktari," na ndipo tulipojua kwamba zile punje alizozitoa kwenye jiwe kwa miaka kumi na minane, saba ya mwisho bila mashine ya kunyonya, zilikuwa zimehamia kwake. Kuanzia Mei 2022 aliishi kwa mashine ya oksijeni. Hakulalamika, ila mlango ulipofunguliwa kwa nguvu vumbi likaruka, alisema, "Taratibu, nimeshashiba."

Jumapili iliyopita, tarehe 11 Juni, aliniuliza, kwa maneno mawili mawili kwa sababu pumzi haikutosha kwa matatu, kama bango bado liko ukutani, nikamwambia liko, akauliza kama watoto bado wanapita, nikamwambia wanapita, akafunga macho, nikadhani amelala, kumbe alikuwa anakusanya pumzi, akasema, "Basi wanafundishwa kwamba bibi alizaliwa na mjukuu wake," kisha akasema, "Sitaki sifa. Ligeuzeni." Alifariki Jumatano tarehe 14 Juni 2023, saa nne na robo asubuhi, wodi namba tatu, akiwa na umri wa miaka sitini na mbili, miezi mitatu na siku tano, binti yake ameshika mkono wa kulia na mimi wa kushoto.

Alhamisi ndipo alipokuja Mkuu na bahasha yake, akakaa kwenye kiti cha marehemu bila kukaribishwa, akasema Dada alikuwa kwake kama binti, ingawa Dada alimzidi miaka minne, akatupa habari njema kwamba lile ghala litapewa jina lake, kisha akaomba, kama jambo dogo tu la kupitia mlangoni, aondoke na madaftari ya Dada "kwa ajili ya kuyahifadhi." Shemeji, ambaye alikuwa hajala siku mbili, alisema, "Mpeni, mpeni aondoke, nimemchoka," akainuka kabisa kwenda chumbani kuyaleta, na hapo binti yetu, ambaye miaka yote tulilalamika kwamba hana mdomo wa mama yake, akasema, "Baba, kaa chini," akamgeukia mgeni, akasema, "Profesa, asante kwa kuja, madaftari hayatoki, na ghala lipe jina lako, maana wewe ndiye uliyelifanya liwe gereza." Madaftari yapo, yote kumi na moja, na nakala ya ukurasa wa tarehe 6 Februari 2001 imo katikati ya vipeperushi mlivyoshika, muufungue kwa nafasi yenu.

Nimalizie kwa shukrani. Familia inamshukuru daktari wa kifua, aliyekuwa wa kwanza kumuuliza Dada swali na kusubiri jibu, na wauguzi wa wodi namba tatu, waliomwita fundi. Tunawashukuru majirani, hasa jirani yetu mchomelea vyuma, aliyevuta waya wa jenereta kupita juu ya ukuta kila umeme ulipokatika ili mashine ya oksijeni isizime. Tunamshukuru Mkuu wa Idara, aliyetoa ruhusa jana Ijumaa wafanyakazi wote waje msibani kuanzia saa sita mchana, naye mwenyewe akawa nasi tangu jana hiyo, safu ya mbele, akipokea rambirambi, hivyo ukumbi wa makumbusho ulibaki mtupu.

Na kwa namna ya pekee tunawashukuru wenzake watatu, seremala, dereva na mama wa usafi, walioomba radhi kwa kuchelewa kufika jana, kwa kuwa saa nane walikuwa ukumbini na bisibisi, wakalishusha bango, wakalipindua juu chini, wakalirudisha ukutani. Binti yetu alipita leo asubuhi, amelishuhudia. Mizizi sasa inashuka kama mizizi, jani la kale liko chini, jani changa liko juu, na kwa kuwa maandishi na picha ya Mkuu viko kwenye ubao huohuo, navyo vimekaa kichwa chini, miguu hewani, kidole kikionyesha sakafu. Mkuu asihangaike kuwahi. Seremala anasema hakutumia skrubu peke yake, ameweka na gundi.

Dada, limegeuzwa. Vuta pumzi zako zote sasa, ulale kwa amani.